Ununuzi wa Ndege za Kivita na Swali la Utegemezi wa Mataifa

Mjadala kuhusu ndege za kivita kwa kawaida huendeshwa kwa kulinganisha mashine na mashine: ipi ina kasi zaidi, ipi hubeba makombora mengi zaidi, ipi huonekana kwa shida kwenye rada. Ulinganisho wa namna hiyo una faida yake, lakini hauelezi kwa nini Finland, Brazil, Qatar na Uganda, ambazo zote zilifanya ununuzi mkubwa ndani ya kipindi kisichozidi miaka kumi na mitano, ziliishia kuwa na ndege zisizofanana hata kidogo. Ndege ya kivita hukaa jeshini miaka thelathini hadi arobaini, na kwa muda wote huo huhitaji vipuri, makombora, programu za kompyuta na vibali ambavyo mara nyingi hutoka katika nchi iliyoitengeneza, kiasi kwamba serikali inaponunua ndege hununua pia uhusiano wa kisiasa utakaowabana viongozi ambao bado hawajaingia madarakani. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba sifa za ndege yenyewe huamua sehemu ndogo ya uchaguzi wa taifa, na kwamba maswali yenye uzito zaidi ni mawili: nani ana uwezo wa kuizuia ndege hiyo isiruke, na je, mnunuzi ataweza kuilipia kila saa inayokuwa angani?

Wataalamu huzigawa ndege hizi katika vizazi. Kizazi cha nne kilianza miaka ya 1970, na ndani yake zimo F-16 ya Marekani, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1974, MiG-29 na Su-27 za Kisovieti, pamoja na Mirage 2000 ya Ufaransa. Ndege za kundi hilo zilizoboreshwa sana, yaani Rafale ya Ufaransa, Eurofighter Typhoon ya nchi nne za Ulaya, Gripen ya Sweden na Su-35 ya Urusi, huwekwa katikati ya kizazi cha nne na cha tano. Kizazi cha tano kina ndege chache, zikiwemo F-22 na F-35 za Marekani, J-20 ya China na Su-57 ya Urusi, na sifa yake kuu ni uwezo wa kukwepa rada. Uwezo huo haumaanishi kwamba ndege haionekani kabisa. Umbo lake huyaelekeza mawimbi ya rada pembeni badala ya kuyarudisha yalikotoka, rangi maalumu hunyonya sehemu ya mawimbi hayo, na silaha pamoja na mafuta hubebwa ndani ya mwili wa ndege, ili adui aigundue akiwa karibu zaidi kuliko angependa. Ndege hiyo hiyo ikifungiwa mabomu na matangi ya ziada chini ya mabawa hupoteza sehemu kubwa ya faida hiyo, jambo ambalo halipewi nafasi ya kutosha katika matangazo ya kibiashara.

Mgawanyo huu wa vizazi unasaidia, ila unaficha ukweli kwamba mapambano ya leo ya angani huamuliwa zaidi na mfumo mzima kuliko na ndege mojamoja. Rada ya kisasa haina antena inayozunguka. Ina mamia ya vitoa-mawimbi vidogo vinavyoelekezwa kwa umeme, na hivyo inaweza kufuatilia shabaha nyingi kwa wakati mmoja. Makombora ya masafa marefu, kama Meteor ya Ulaya na PL-15 ya China, hurushwa kabla rubani hajamwona adui kwa macho. Mwezi Mei 2025, India na Pakistan zilipopambana angani, Pakistan ilidai kuwa ndege zake za J-10C kutoka China zilitungua ndege kadhaa za India, zikiwemo za Rafale, na mkuu wa majeshi ya India alikiri baadaye kwamba nchi yake ilipoteza ndege bila kutaja idadi. Wengi waliharakisha kuhitimisha kwamba ndege ya China imeishinda ya Ufaransa. Hitimisho hilo ni la haraka mno, kwa sababu katika pambano la masafa marefu ushindi hutegemea kombora lililobebwa, ndege ya uangalizi yenye rada kubwa inayompa rubani taarifa kutoka nyuma, mawasiliano ya data kati yao, na amri za kisiasa kuhusu nani apigwe kwanza. Nchi inayonunua ndege bila kununua mambo hayo mengine hununua nusu ya silaha.

Gharama nayo hupotoshwa kwa njia hiyo hiyo. Bei ya kununua ndege hutangazwa kwenye magazeti, ilhali gharama ya kuitunza, ambayo kwa maisha yote ya ndege huwa kubwa kuliko bei yenyewe, hutajwa kwa sauti ndogo. Ofisi ya Bunge la Marekani inayokagua matumizi ya serikali ilikadiria mwaka 2024 kwamba kuzitunza ndege za F-35 za Marekani katika maisha yake yote kutagharimu zaidi ya dola trilioni 1.5, na mwaka mmoja kabla ilikuwa imeeleza kwamba ni asilimia 55 hivi tu ya ndege hizo zilizokuwa tayari kwa kazi. Hiyo ni hali ya nchi yenye bajeti kubwa ya ulinzi kuliko nchi yoyote duniani na yenye kiwanda cha ndege hiyo katika ardhi yake.

Afrika Kusini ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1999 serikali yake iliagiza ndege za Gripen kutoka Sweden ndani ya mkataba mkubwa wa silaha ambao hadi leo umegubikwa na tuhuma za rushwa, na ndege 26 ziliwasili kati ya mwaka 2008 na 2012. Zilikuwa ndege bora kwa kipimo chochote, zilizochaguliwa kwa sehemu kwa kuwa ni nafuu kuendesha kuliko washindani wake wengi. Hata hivyo, mwaka 2013 Waziri wa Ulinzi alikiri kwamba karibu nusu yake zilikuwa zimewekwa kwenye hifadhi ya muda mrefu, na mwaka 2021 ndege zote zilibaki chini kwa miezi mingi kwa sababu mkataba wa matengenezo ulikuwa umekwisha na mwingine haujasainiwa. Ndege iliyofunikwa turubai haimlindi mtu yeyote, na marubani wasioruka hupoteza ustadi ambao uliwagharimu walipakodi miaka ya mafunzo. Kosa lilikuwa kununua chombo bila kutenga, kwa sheria na kwa miaka mingi mbele, fedha za kukiendesha.

Sehemu nyeti zaidi ya suala hili ni udhibiti, na hapa historia imejaa ushahidi. Irani ya wakati wa Shah iliagiza ndege 80 za F-14 kutoka Marekani na kupokea 79. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 vipuri vilikatwa, na mafundi wa Irani wakalazimika kunyofoa vifaa kutoka ndege moja ili nyingine iruke. Pakistan ililipia ndege 28 za F-16 ambazo hazikuwahi kuwasili, kwa sababu mwaka 1990 Marekani ilitumia kifungu cha sheria kilichopewa jina la Seneta Larry Pressler kusitisha misaada na mauzo ya silaha kutokana na mpango wa nyuklia wa Pakistan. Kisa hicho ndicho kinachoeleza, kuliko sifa yoyote ya kiufundi, kwa nini Pakistan iliungana na China kutengeneza ndege ya JF-17 na kwa nini mwaka 2022 ilipokea J-10C: ilikuwa inatafuta muuzaji ambaye asingefunga mlango katikati ya safari. Venezuela, iliyonunua F-16 katika miaka ya 1980, iliwekewa vikwazo vya silaha na Marekani mwaka 2006 na ikahamia kwenye Su-30 za Urusi. Misri nayo ina F-16 nyingi, lakini kwa muda mrefu Marekani haikuiuzia makombora ya masafa marefu yanayozipa ndege hizo makali yake, na pengo hilo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya Misri iwe mteja wa kwanza wa Rafale nje ya Ufaransa mwaka 2015.

Udhibiti huo hupita hata katika vifaa ambavyo raia wa kawaida hawezi kuvifikiria. Argentina ilipotaka ndege nyepesi za FA-50 kutoka Korea Kusini, mtengenezaji aliiarifu mwaka 2020 kwamba mauzo hayawezekani, kwa kuwa ndege hiyo ina vifaa sita muhimu vyenye asili ya Uingereza, na Uingereza haikuwa tayari kuiuzia silaha nchi iliyopigana nayo juu ya visiwa vya Falkland mwaka 1982. Korea Kusini haikuwa na ugomvi wowote na Argentina. Kilichohitajika ni kibali cha mtu wa tatu. Sweden, ambayo hujivunia kutokuwa mateka wa dola kubwa, ilikutana na ukuta kama huo mwaka 1978, pale Marekani ilipozuia ndege ya Viggen isiuzwe India kwa sababu injini yake ilitokana na teknolojia ya Kimarekani. Gripen E ya leo inatumia injini ya F414 ya General Electric, kwa hiyo kila mnunuzi anayeichagua ili kuikwepa Washington bado anabeba sehemu ya Washington ndani ya ndege yake. Miongoni mwa ndege za Magharibi ni Rafale, ambayo injini, rada na makombora yake mengi ni ya Kifaransa, inayokaribia zaidi kuwa huru na kibali cha Marekani, na huo ndio mtaji mkubwa wa Ufaransa sokoni: Umoja wa Falme za Kiarabu uliagiza Rafale 80 mwezi Desemba 2021, wakati ambapo mazungumzo yake na Marekani kuhusu F-35 yalikuwa yamekwama, pamoja na mambo mengine kwa sababu ya hofu ya Marekani juu ya vifaa vya mawasiliano vya kampuni ya China ya Huawei.

F-35 imelipeleka suala hili mbele zaidi, kwa sababu ndege hiyo hutegemea programu na data kwa kiwango ambacho ndege za zamani hazikukifikia. Ili itambue rada na makombora ya adui, huhitaji mafaili ya data yanayotayarishwa na kusasishwa mara kwa mara, na kwa wateja wengi kazi hiyo hufanyika katika maabara zilizopo Marekani. Israeli ndiyo iliyopata ruhusa pana zaidi ya kuweka mifumo yake yenyewe. Mwezi Machi 2025, baada ya Marekani kusitisha kwa muda taarifa za kijasusi kwa Ukraine, hofu ilienea Ulaya kwamba huenda kuna kitufe cha siri cha kuzima F-35 kutoka mbali. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikanusha, na kwa kweli kitufe hicho hakihitajiki: kukata vipuri na data kungeifanya ndege ipungue uwezo wiki baada ya wiki. Uturuki ilionja adhabu ya namna nyingine. Ilikuwa mshirika wa mradi huo, viwanda vyake vikitengeneza mamia ya vipuri, na ilipanga kununua ndege 100. Iliposhikilia kununua mfumo wa Kirusi wa kutungulia ndege uitwao S-400, iliondolewa mwezi Julai 2019 bila kupokea hata ndege moja jeshini mwake. Mwaka 2025 ilitia saini mkataba na Uingereza wa Typhoon 20.

Kwa kuzingatia hatari hizo, mtu angetarajia F-35 ikimbiwe, lakini mauzo yake yamevuka yale ya mshindani yeyote wa Magharibi. Finland inaeleza kwa nini. Nchi hiyo, yenye mpaka na Urusi unaozidi kilomita 1,300, ilishindanisha ndege tano kwa miaka kadhaa, ikazipima katika hali ya baridi kali, na mwezi Desemba 2021 ikachagua F-35A 64 baada ya ndege hiyo kupata alama 4.47 kati ya 5 katika tathmini ya uwezo wa kivita, huku iliyofuata ikipata 3.81. Kwa Finland utegemezi kwa Marekani haukuwa gharama iliyojificha. Ulikuwa sehemu ya kile ilichotaka kununua, na miezi michache baadaye, Urusi ilipoivamia Ukraine, iliomba kujiunga na NATO. Ujerumani nayo iliamua mwaka 2022 kununua F-35 kwa sababu bayana zaidi: ilihitaji ndege ya kurithi ndege zake za zamani za Tornado katika jukumu la kubeba mabomu ya nyuklia ya Marekani yaliyohifadhiwa katika ardhi yake.

Nchi mbili nyingine zinaonyesha uchaguzi huo unavyoweza kutikisa siasa za ndani. Uswisi iliwauliza wananchi wake: mwaka 2014 walikataa ununuzi wa Gripen 22 kwa asilimia 53.4, na mwezi Septemba 2020 walikubali bajeti ya faranga bilioni 6 kwa asilimia 50.1, tofauti ya kura zipatazo 8,600 nchi nzima. Serikali ilipochagua F-35A 36 iliwahakikishia raia kuwa bei ni ya kudumu, kisha mwaka 2025 Marekani ikasema haikuahidi hivyo, na nyongeza iliyotajwa ikafikia kati ya faranga milioni 650 na bilioni 1.3. Canada ilitangaza kununua F-35 mwaka 2010, ikaahirisha, ikachagua serikali mpya iliyokuwa imeahidi kutozinunua, ikarejea kuzichagua mwaka 2022, kisha ikaamuru uamuzi huo upitiwe upya mwaka 2025 uhusiano wake na Marekani ulipoharibika. Mwaka huo huo mkaguzi mkuu wake alieleza kuwa makadirio yamepanda kutoka dola za Canada bilioni 19 hadi 27.7. Miaka kumi na mitano ya kusitasita imewaacha marubani wa Canada kwenye ndege za miaka ya 1980.

Wapo waliochagua kutawanya hatari. India imekuwa na ndege za Kisovieti na Kirusi, Mirage 2000 na Rafale za Ufaransa, pamoja na Tejas inayotengenezwa nyumbani, na mkakati huo uliisaidia mwaka 1998, pale Marekani ilipoiwekea vikwazo baada ya majaribio ya nyuklia huku Ufaransa ikiendelea kushirikiana nayo. Malipo yake yanaonekana kwenye karakana, kwa sababu kila aina ya ndege hudai mafundi wake, ghala lake la vipuri na makombora yake. Zabuni ya ndege 126 iliyofunguliwa mwaka 2007 iliishia kwenye Rafale 36 zilizosainiwa mwaka 2016, na Tejas mpya zimecheleweshwa na uhaba wa injini kutoka General Electric. Qatar ilitawanya kwa nia tofauti: kutoka Mirage 2000 kumi na mbili tu, iliagiza kati ya mwaka 2015 na 2017 Rafale 36, F-15 36 na Typhoon 24, na sehemu kubwa ya maagizo hayo ilifanyika baada ya Saudia na majirani wengine kuisusia mwezi Juni 2017. Kijeshi, aina tatu za ndege kwa nchi yenye raia wachache ni mzigo mzito. Kisiasa, Paris, London na Washington zote zilipata sababu ya kutotaka Qatar ianguke. Brazil ilichagua njia ya tatu ilipotangaza Gripen mwezi Desemba 2013, ikitaka kiwanda chake cha Embraer kishiriki katika kubuni na kuunda, na ilisaidia pia kwamba wakati huo Rais Dilma Rousseff alikuwa amekasirishwa na taarifa kuwa mawasiliano yake yamepelelezwa na Marekani, ambayo ndege yake ilikuwa mshindani.

Afrika Mashariki imo ndani ya mantiki hii hii kwa kiwango kidogo zaidi cha fedha, ingawa si kidogo cha maumivu. Kenya iliegemea Magharibi na kupata F-5 za Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha ikaongeza nyingine zilizokwisha kutumika Jordan. Tanzania iliegemea China na kwa miongo mingi imetumia F-6 na F-7, ambazo asili yake ni MiG-19 na MiG-21 za Kisovieti. Ethiopia na Eritrea zilionyesha upande wa kutisha wa ununuzi wa haraka: zilipoingia vitani mwaka 1998, nchi hizo mbili, miongoni mwa maskini kuliko zote duniani, zilinunua Su-27 na MiG-29 mtawalia, na mwezi Februari 1999 ndege hizo zikapambana angani juu ya mpaka ambao sehemu yake kubwa ni ardhi kavu. Wachuuzi wa silaha walilipwa na pande zote mbili.

Uganda ndiyo iliyofanya uamuzi mkubwa zaidi katika eneo hili. Iliagiza Su-30MK2 sita kutoka Urusi, na kati ya mwaka 2011 na 2012 zikawasili. Malipo ya ndege hizo na zana nyingine, yapata dola milioni 740, yalitoka katika akiba ya fedha za kigeni ya Benki Kuu, na kibali cha Bunge kikafuata baada ya fedha kutolewa. Su-30 ni ndege kubwa ya injini mbili, iliyoundwa kwa masafa marefu na kwa mapambano dhidi ya majeshi ya anga yenye nguvu, wakati ambapo maadui ambao Uganda imepigana nao kwa miongo mitatu ni vikundi vya msituni visivyo na ndege. Hoja ya kuwatisha majirani na kulinda mafuta ya Ziwa Albert inaweza kujengwa, na huenda ina uzito, lakini ilipaswa kujengwa mbele ya wabunge kabla ya fedha kuondoka. Uamuzi wa Nigeria unatoa kipimo cha kulinganishia: kwa vita vya kaskazini mashariki iliagiza Super Tucano 12, ndege nyepesi za panga boi zenye asili ya Brazil, ambazo huweza kukaa angani muda mrefu kwa gharama ndogo. Hata hizo zilichelewa kuidhinishwa na Marekani baada ya ndege za Nigeria kulipua kambi ya wakimbizi wa ndani huko Rann mwezi Januari 2017, na ziliwasili mwaka 2021.

Mataifa yanayotaka kutoka katika utegemezi huu sasa yanajenga ndege zao, na hatua zao zinaonyesha ugumu wa kazi. Korea Kusini ilirusha KF-21 mwezi Julai 2022 na Uturuki ikarusha Kaan mwezi Februari 2024, zote zikiwa na injini za General Electric. Uingereza, Italia na Japani ziliungana mwezi Desemba 2022 kuunda ndege ya pamoja, huku Ufaransa, Ujerumani na Hispania zikibishana juu ya nani aongoze mradi wao. Injini ya ndege ya kivita ina mabamba yanayozunguka ndani ya gesi yenye joto kupita kiwango cha kuyeyuka cha metali yaliyotengenezwa kwayo, na yanaokolewa na mifereji myembamba ya hewa pamoja na fuwele moja ya metali iliyokuzwa kwa uangalifu mkubwa. Nchi zinazoweza kuyatengeneza bila msaada ni Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi, na China imetumia miongo kadhaa kuikaribia orodha hiyo.